Kocha Aliyekitia Kikapu Mbio

Hadi msimu wa 1936/37, mpira wa kikapu wa vyuo nchini Marekani ulikuwa mchezo wa kusimamasimama. Kila mpira ulipotumbukia kikapuni, wachezaji wote walirudi katikati ya uwanja, mwamuzi akaurusha juu, warefu wawili wakaruka kuugombea, ndipo mchezo ukaendelea. Aliyechoka alipata nafasi ya kuvuta pumzi, na aliyezidiwa alipata nafasi ya kujipanga. Kisha kanuni ikabadilishwa: aliyefungwa auokote mpira chini ya kikapu chake na aanze papo hapo. Makocha wengi waliipokea kanuni hiyo bila kubadilisha kitu, wakaendelea na pasi zao za taratibu. Katika chuo kidogo cha Weusi mjini Durham, North Carolina, kocha msaidizi wa miaka 22, aliyeanza kazi mwaka huohuo wa 1937, aliichukulia kuwa ruhusa ya kukimbia kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho.

Aliitwa John McLendon. Alifundisha vyuo vitano na timu mbili za kulipwa, akashinda zaidi ya mechi 500, na akawa kocha wa kwanza wa chuo nchini humo kutwaa ubingwa wa taifa mara 3 mfululizo. Hata hivyo wapo mashabiki wengi wa kikapu, Wamarekani wakiwemo, ambao jina lake hawajawahi kulisikia. Mambo aliyoyafanya hayakuwa madogo. Aliyafanyia upande wa pili wa ukuta wa ubaguzi, ambako magazeti makubwa hayakutuma waandishi, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikwenda katika kuutoboa ukuta huo, tundu baada ya tundu.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 katika mji mdogo wa Hiawatha, Kansas, akasoma sekondari ya Weusi ya Sumner katika jiji la Kansas City, upande wa jimbo la Kansas. Mwaka 1933 aliingia Chuo Kikuu cha Kansas mjini Lawrence, akitaka kuwa mwalimu wa michezo. Baba yake alimpa agizo moja: amtafute James Naismith. Huyo ndiye mwalimu mzaliwa wa Kanada aliyetundika vikapu viwili vya kuvunia matunda katika ukumbi wa mazoezi wa Springfield, Massachusetts, Desemba 1891, akaandika kanuni 13 na kuuanzisha mchezo wenyewe. Tangu 1898 alikuwa Kansas, na sasa alikaribia miaka 72. McLendon alimwendea akamwambia kwamba baba yake amesema yeye ndiye atakuwa mshauri wake. Naismith, kwa jinsi McLendon alivyokuwa akisimulia, alimjibu kuwa akina baba huwa hawakosei, na mambo yakaishia hapo. Akawa mwanafunzi wake.

Mwanafunzi, lakini si mchezaji. Timu ya kikapu ya Kansas haikuwa na nafasi kwa Mweusi. Bwawa la kuogelea pia lilikuwa la Wazungu peke yao, ingawa kujua kuogelea lilikuwa sharti la kupata shahada ya elimu ya viungo. Wanafunzi Weusi walikuwa wakisamehewa sharti hilo kimyakimya, wasiguse maji. McLendon alikataa msamaha huo. Alijitosa bwawani, na alipotoka maji yote yakamwagwa. Naismith alisimama upande wake, mvutano ukaendelea, na mwishowe bwawa likafunguliwa kwa wote. Mwaka 1936 McLendon akawa Mweusi wa kwanza kuhitimu elimu ya viungo chuoni hapo. Mwaka mmoja baadaye alikuwa na shahada ya uzamili kutoka Chuo Kikuu cha Iowa.

Kutoka kwa Naismith alichukua somo moja ambalo hakuliachia tena. Mzee yule hakuwa kocha wa kutisha; timu zake za Kansas zilipoteza mechi 60 na kushinda 55. Lakini aliuelewa mchezo kwa ndani. McLendon alisimulia kwamba siku moja walisimama kutazama watoto wakicheza, kundi zima likiufuata mpira popote unapokwenda, na Naismith akamwonyesha kuwa hivyo ndivyo ilivyotakiwa: mpira ulipo, mchezo uwe hapo. Makocha wa wakati huo waliwafundisha wachezaji wao kurudi nyuma na kumngoja mpinzani karibu na kikapu. McLendon akajiuliza kwa nini angojewe. Kama kila sehemu ya uwanja ni uwanja, basi mpinzani abanwe tangu pale anapoushika mpira, mita 20 na zaidi kutoka anakotaka kwenda.

Durham ulikuwa mji wa tumbaku. Utajiri wa sigara ndio uliojenga Chuo Kikuu cha Duke, chenye majengo ya mawe na minara, ambacho hakikupokea mwanafunzi Mweusi wa shahada ya kwanza hadi 1963. Umbali wa kilometa chache, upande mwingine wa mji, kilikuwapo chuo cha serikali cha Weusi, ambacho leo ni North Carolina Central University. Timu yake iliitwa Eagles. McLendon alikuwa msaidizi kwa miaka mitatu, kisha mwaka 1940 akakabidhiwa timu.

Mazoezi yake yalianza bila mpira. Wachezaji walikimbia nje, masafa marefu, wiki nyingi kabla ya msimu, mpaka pumzi ikae sawa. Hapo ndipo mpira ulipoletwa, na kila kitu kilifundishwa kwa hesabu ya hatua. Anayedaka mpira uliogonga ubao hatui kwanza akafikiria. Anageuka angali hewani na kuutoa pembeni, karibu na mstari. Aliyepokea anaupeleka katikati. Wawili wanakimbia kando kabisa ya uwanja ili mabeki watawanyike, wa nne anafuata nyuma kuokota kilichokosewa, wa tano anabaki kama mlinzi. Mtazamaji wa leo anaiona hali hiyo kila wikiendi na kudhani mchezo ulizaliwa hivyo. Mwaka 1940 makocha wengi walikuwa wakisema kwamba huo ni ukosefu wa nidhamu. McLendon alionyesha kinyume: timu inayokimbia bila mpangilio hupoteza mpira, lakini timu ambayo kila mmoja anajua njia yake haihitaji hata kutazama. Mwaka 1965 aliyaandika yote hayo katika kitabu chake kuhusu shambulizi la kasi, mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya ufundi wa kikapu vilivyotungwa na kocha Mweusi.

Pointi zikaanza kumiminika. Mwaka 1943 mchezaji wake Rudolph Roberson, aliyeitwa Rocky, alifunga pointi 58 katika mechi moja dhidi ya chuo cha Shaw. Kabla ya hapo Marekani nzima ilikuwa ikimsifu Hank Luisetti wa Stanford kwa pointi zake 50. Magazeti ya Wazungu hayakuziandika 58 za Roberson. Ilikuwa kana kwamba hazikufungwa.

Msimu wa 1943/44 Eagles walipoteza mechi 1 tu. Hawakuwa na pa kwenda. Mashindano mawili makubwa ya vyuo, NCAA na NIT, hayakualika vyuo vya Weusi. Wakati huohuo, timu moja kali ya jimbo ilikuwa imejificha pale Duke, nayo haikuwa timu rasmi ya chuo. Ilikuwa timu ya wanafunzi wa udaktari waliosoma chini ya mpango wa jeshi wakati wa vita, vijana waliokuwa wamecheza katika vyuo mbalimbali kabla ya kuja Durham.

Vikundi vidogo vya wanafunzi Wakristo wa vyuo hivyo viwili vilikuwa vikikutana kwa siri kusali na kuzungumza. Hata kukaa chumba kimoja tu kulikuwa hatari. Katika mazungumzo hayo ndipo ubishi ulipozuka juu ya nani ana timu bora, na changamoto ikatolewa. McLendon alikuwa na miaka 28. Alijua fika ni nini alichokuwa akikihatarisha: sheria za North Carolina zilitenga rangi, na habari zikivuja, kazi yake ingekuwa hasara ndogo kuliko zote. Miezi minne baadaye, Julai 1944, askari Mweusi aliyeitwa Booker T. Spicely aliuawa kwa risasi Durham na dereva wa basi baada ya kubishana juu ya kuhamia viti vya nyuma. Mahakama ilimwachia dereva. Katika mji wa namna hiyo, kocha kijana alikubali Wazungu na Weusi wakutane kiwanjani.

Ilichaguliwa Jumapili, tarehe 12 Machi 1944, saa 5 asubuhi, kwa kuwa wakati huo sehemu kubwa ya Durham, polisi wakiwemo, ilikuwa kanisani. Vijana wa Duke walikuja kwa magari ya kuazima, wakazungukazunguka njiani, na walipofika wakavuta makoti kufunika vichwa na kuingia ukumbini haraka. Milango ikafungwa kwa ndani. Kulikuwa na mwamuzi, saa na ubao wa matokeo. McLendon hakutaka mchezo wa mzaha. Watazamaji hawakuruhusiwa, ila wanafunzi wachache walikuwa wamenusa jambo na wakapanda kuchungulia madirishani.

Mwanzo ulikuwa mbovu kwa pande zote. Mikono ilitetemeka, pasi zilikwenda nje, mipira rahisi ilikosewa. Wengi wa wachezaji wa McLendon walikuwa hawajawahi maishani mwao kumgusa Mzungu bega kwa bega, na walilelewa wakijua kuwa kumgonga mmoja kwa bahati mbaya kunaweza kuwagharimu. Aubrey Stanley, mmoja wa wadogo katika timu, alieleza miaka mingi baadaye kwamba katikati ya kipindi cha kwanza ilimjia ghafla: hawa ni watu kama sisi, na tunaweza kuwafunga. Kuanzia hapo Eagles wakaachia mbio. Wanafunzi wa udaktari walikuwa na ufundi, lakini hawakuwahi kukutana na timu inayowabana kuanzia chini ya kikapu chao na kurudi na mpira kabla hawajageuka. Matokeo yalikuwa 88 kwa 44.

Kilichofuata ndicho kinachostahili kusimuliwa polepole. Baada ya kupumzika kidogo, wachezaji walichanganyika. Timu mbili ziliundwa upya, kila moja ikiwa na Weusi na Wazungu, upande mmoja umevaa mashati na mwingine vifua wazi, wakacheza mechi ya pili. Mchezo wa namna hiyo ulikatazwa na sheria ya jimbo. Baadaye wageni walipelekwa bwenini, wakakaa wakipiga soga na wenyeji wao kuhusu mchezo na maisha, kisha wakaondoka walivyokuja. Mwandishi wa Carolina Times, gazeti la kila wiki la Weusi wa Durham, alikuwa na habari, akaombwa asiandike, naye hakuandika neno. Siri ilitunzwa kwa zaidi ya miaka 50, mpaka mwanahistoria Scott Ellsworth alipoichapisha mwaka 1996. Wengine walikufa wakiwa nayo. Ni vigumu kuwaza ushindi mwingine mkubwa hivyo ambao washindi wake hawakuweza kumsimulia hata jirani.

McLendon hakuishia kwenye siri. Mwaka 1946 yeye na wenzake walianzisha mashindano ya pamoja ya vyuo vya Weusi vya ukanda wao, chini ya umoja wa CIAA, katika ukumbi mmoja wa Washington. Timu yake ilitwaa kombe la kwanza kwa kuwashinda Virginia Union 64 kwa 56, baada ya vipindi 3 vya nyongeza. Mashindano hayo yapo hadi leo na kila mwaka hukusanya maelfu ya watu. Mwaka 1950 aliwapeleka vijana wawili kufanya majaribio na Washington Capitols, timu ya ligi ya NBA: Harold Hunter, mchezaji wake mwenyewe, na Earl Lloyd wa chuo cha West Virginia State. Wote walisainishwa. Hunter hakufika kwenye ligi, lakini Lloyd alishuka uwanjani tarehe 31 Oktoba 1950, Mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA. Mmoja wa vijana wa mwisho ambao McLendon aliwaingiza chuoni Durham alikuwa Sam Jones, ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa NBA mara 10 akiwa na Boston Celtics.

Kulikuwa bado na mlango mkubwa, ule wa ubingwa wa taifa. Chama cha vyuo vidogo, kilichojulikana baadaye kama NAIA, kilifanya mashindano yake kila mwaka Kansas City, Missouri, timu 32 kwa wiki moja. Mwaka 1947 John Wooden, kijana aliyefundisha Indiana State, alikataa mwaliko kwa sababu mchezaji wake mmoja, Clarence Walker, angezuiwa kwa rangi yake. Mwaka uliofuata katazo hilo likaondolewa, Walker akacheza. Lakini mchezaji mmoja Mweusi ndani ya timu ya Wazungu ni jambo moja, na chuo kizima cha Weusi ni jambo jingine. McLendon na makocha wenzake waliunda kamati, wakaandika barua, wakahudhuria vikao, wakakataliwa na NCAA, wakarudi tena NAIA. Kazi hii haina mvuto wa kiwanjani, na katika simulizi nyingi hurukwa, lakini bila makaratasi hayo hakuna kikombe ambacho kingeshindaniwa. Mwaka 1953 vyuo vya Weusi vikapewa nafasi, na wa kwanza kuingia walikuwa Tennessee A&I kutoka Nashville.

Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka Durham mwaka 1952, akapitia Hampton Institute ya Virginia kwa miaka miwili, na mwaka 1954 akaichukua timu hiyohiyo ya Nashville. Mwaliko ukaja kucheza mashindano ya NAIA ya kufungua msimu, Kansas City. McLendon alijibu kwa sharti: timu yake ilale katika hoteli za katikati ya mji na ile katika migahawa ileile ya timu nyingine, la sivyo haendi. Wakati huo timu za Weusi zikisafiri zililala kwa wenyeji Weusi au kwenye mabweni, na chakula kilikuwa mikate iliyofungwa kwenye mifuko. Waandaaji walikubali. Tennessee A&I wakaja, wakalala hotelini, wakayashinda mashindano.

Kisha akamleta Dick Barnett. Kijana huyu wa Gary, Indiana, alikuwa katika fainali ya shule za jimbo la Indiana mwaka 1955, ya kwanza kukutanisha shule mbili za Weusi. Shule yake ilifungwa na Crispus Attucks ya Oscar Robertson. Barnett alirusha mpira kwa namna ambayo kocha mwingine angejaribu kumrekebisha. Aliruka na kurusha kwa mkono wa kushoto, kichwa kimeegemea nyuma, magoti yakikunjwa mpaka visigino vikaribie kiuno, na kabla mpira haujafika alikuwa ameanza kurudi kulinda. McLendon alimwacha arushe hivyohivyo. Alichomdai ni kukimbia, kulinda na kufika mazoezini. Pembeni yake walikuwapo John Barnhill, mwepesi wa kupora mipira, na Ben Warley, mrefu aliyemudu mbio za wafupi. Wote watatu walifika NBA.

Machi 1957 Tennessee A&I waliwafunga Southeastern Oklahoma 92 kwa 73 katika fainali. Hakuna chuo cha Weusi kilichokuwa kimewahi kuchukua ubingwa wa taifa katika mashindano yanayochanganya rangi. Mwaka 1958 waliwafunga Western Illinois 85 kwa 73. Mwaka 1959 zamu ilikuwa ya Pacific Lutheran, 97 kwa 87. Ukitaka kujua uzito wa makombe hayo, kumbuka ratiba: ili kuwa bingwa ilibidi kushinda mechi 5 ndani ya siku 6. Timu nyingine zilifika fainali zikiburuta miguu. Vijana wa McLendon, waliozoea kukimbia masafa kabla ya kuuona mpira, ndio kwanza walikuwa wakiongeza mwendo. Barnett alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano mwaka 1958 na tena 1959.

Na waliporudi nyumbani? Nashville iliwapokea mabingwa wa taifa na migahawa yake ya katikati ya mji ikiwa imefungwa kwao. Mtu mwenye medali mfukoni aliweza kununua sabuni katika duka kubwa, ila si kukaa kwenye kaunta ya dukani humo akaagiza kahawa. Februari 1960 wanafunzi wa vyuo vya Weusi vya mji huo, wa Tennessee A&I wakiwemo, walikwenda kukaa kwenye kaunta hizo bila kusogea, wakapigwa na kukamatwa, na Mei mwaka huo kaunta zikafunguliwa. McLendon alikuwa ameshaondoka. Aliyemrithi ni Harold Hunter, yuleyule ambaye McLendon alimpeleka Washington miaka 9 kabla.

Alikwenda Cleveland, Ohio, kufundisha Pipers, timu ya ligi ya makampuni. Mwaka 1961 Pipers walitwaa ubingwa wa taifa wa AAU, chama cha michezo ya ridhaa, kisha wakaingia katika ligi mpya ya kulipwa, ABL, na McLendon akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi ya kulipwa ya zama hizo. Barnett aliikimbia timu yake ya NBA, Syracuse, amfuate mwalimu wake Cleveland. Syracuse walimshtaki mahakamani. Mwenye timu alikuwa tajiri kijana, George Steinbrenner, ambaye baadaye aliimiliki New York Yankees na kujulikana kwa kufukuza makocha. Mishahara ikaanza kuchelewa. McLendon alisimama upande wa wachezaji, na Januari 1962 akajiuzulu. Timu aliyoijenga ilimaliza msimu ikiwa bingwa chini ya kocha mwingine.

Baada ya miaka mitatu Kentucky State, mwaka 1966 aliajiriwa Cleveland State, akawa kocha mkuu wa kwanza Mweusi katika chuo kikuu cha Wazungu walio wengi. Matokeo hayakuwa mazuri: alishinda mechi 27 na kupoteza 42. Chuo kilikuwa kichanga katika michezo na hakikuwa na fedha za kuvuta wachezaji. Mwaka 1969 alichukua Denver Rockets ya ligi ya ABA, akaachishwa baada ya mechi 28. Hapo ndipo kazi yake ya ukocha mkuu ilipokoma, akiwa na miaka 54. Kipindi hicho huwa kinapitwa haraka na wanaomsifu. Mimi naona kinaonyesha jambo la kusikitisha: milango ya vyuo vikubwa ilipoanza kufunguka, miaka yake bora ilikuwa imekwisha kupita. Alipokuwa na timu bingwa ya 1958, hakuna chuo hata kimoja cha Wazungu kilichompa kazi.

Hakukaa bure. Alikuwa katika benchi la ufundi la Marekani kwa ajili ya Olimpiki za 1968 na 1972, wa kwanza wa rangi yake kupewa nafasi hiyo. Alifanya kazi na kampuni ya viatu ya Converse, akisafiri kufundisha mchezo. Uzeeni alirudi Cleveland State, akawa anafundisha wanafunzi historia ya Weusi katika michezo. Alifariki tarehe 8 Oktoba 1999, akiwa na miaka 84.

Mbinu zake zilikuwa zimekwenda mbali kumzidi. Wooden, yule aliyekataa mwaliko mwaka 1947, alitwaa ubingwa wake wa kwanza akiwa na UCLA mwaka 1964 kwa kuwabana wapinzani uwanja mzima, na hatimaye akafikisha makombe 10. Dean Smith, mtoto wa Kansas aliyefundisha Chuo Kikuu cha North Carolina mjini Chapel Hill, mwendo mfupi kutoka Durham, alipata sifa kubwa kwa mpango wa kutawanya wachezaji kwenye kona nne na kulinda uongozi. McLendon alikuwa na mpango unaofanana nao, wa wawili konani, miaka mingi kabla. Makocha hao wawili walistahili heshima zao. Tatizo ni kwamba vitabu vya ufundi vilipoandikwa, sura za kwanza zilianzia kwao.

Ukumbi wa watu mashuhuri wa mpira wa kikapu, ulioko Springfield kulekule alikoanzia Naismith, ulimpokea McLendon mwaka 1979. Lakini haukumpokea kama kocha. Ulimwandika kama mchangiaji, katika kundi la viongozi na wahisani wa mchezo. Mtu mwenye mataji 3 ya taifa mfululizo alikaa katika orodha hiyo kwa miaka 37. Mwaka 2016 ndipo jina lake lilipoingizwa mara ya pili, safari hii kama kocha.

Timu yake ilichelewa zaidi. Barnett, ambaye baada ya mataji mawili ya NBA akiwa na New York Knicks alirudi darasani na kupata shahada ya udaktari wa elimu, alitumia miaka ya uzee wake kubisha hodi: barua, simu, mikutano, hata filamu. Mwaka 2019 ukumbi wa Springfield uliipokea Tennessee A&I ya 1957, 1958 na 1959 kama timu. Aprili 2024 wachezaji 6 waliokuwa bado hai walikaribishwa Ikulu ya Marekani na kukutana na Makamu wa Rais Kamala Harris, heshima ambayo mabingwa wa leo huipata miezi michache tu baada ya kombe, na wao waliipata miaka 67 baada ya lile la kwanza. Barnett alikuwapo, na miezi michache baadaye, Oktoba 2024, naye akaingia katika ukumbi wa Springfield kama mchezaji. Alikuwa na miaka 88.